Gemu ni lako, mkasi ni wa nani?

Sisi wa magazetini tumezoea kukatwa. Mhariri anapita na kalamu yake, aya mbili zinakwenda na maji, maisha yanaendelea. Lakini gazeti likishatoka na msomaji akalinunua, hakuna anayeingia nyumbani kwake usiku kubadilisha ukurasa wa tatu. Kwenye magemu ya kompyuta ya siku hizi mambo si hivyo, na kisa kinachoonyesha hilo vizuri kinatoka Australia.

Septemba 2009, bodi inayopanga madaraja ya filamu na magemu nchini humo ililikataa Left 4 Dead 2, gemu la kampuni ya Valve ya Marekani ambamo watu wanne wanapigana na mazombi. Ukatili umezidi, wakasema. Sasa angalia kasheshe yenyewe: filamu zilikuwa na daraja la watu wazima, R18+, tangu miaka ya 1970. Magemu hayakuwa nalo. Daraja la juu kabisa lilikuwa MA15+. Yaani baba wa watoto watatu alikuwa anapimiwa gemu kwa kipimo cha kijana wa miaka 15, na lisilomfaa kijana likawa marufuku kwa wote.

Valve wakapeleka toleo lililokatwa, likapita, likaingia sokoni Novemba mwaka huohuo. Jamani, lilikatwa kweli! Viungo havikatiki, maiti zinatoweka zikigusa tu ardhi, na mazombi waliovaa magwanda ya polisi wa kutuliza ghasia (FFU wa kule, tuseme) wakaondolewa kabisa. Kukwepa haikuwa rahisi. Gemu lilikwenda kupitia Steam, duka la Valve la mtandaoni, ambalo linajua mnunuzi yuko nchi gani. Hata aliyenunua diski ilibidi aisajili humohumo.

Kwa nini sheria haikubadilishwa? Ilihitaji mawaziri wa sheria wa serikali kuu na wa majimbo yote wakubaliane, na Michael Atkinson wa South Australia alikuwa amegoma kwa miaka, akihofia watoto. Aliacha wadhifa huo Machi 2010. Serikali ilipowauliza wananchi, yalikuja maoni zaidi ya 58,000, na karibu 98 katika kila 100 yalitaka daraja la watu wazima. Ndiyo, wengi wao walikuwa wachezaji wenyewe waliohamasishana. Sioni ubaya, wasio na habari na magemu wangeandika kwa lipi? Bunge likapitisha sheria mwaka 2012, ikaanza kazi Januari 1, 2013.

Agosti 2014 bodi ikalipa gemu lilelile, bila kukatwa, R18+. Valve wakatoa nyongeza ya bure kwa Waaustralia waliokwisha kulinunua. Unaipakua, na damu inarudi, maiti zinalala pale zilipoanguka, FFU nao wanarudi kazini. Ujerumani yalitokea ya namna hiyo. Half-Life la mwaka 1998 liliuzwa huko wanajeshi wakiwa wamegeuzwa roboti, na mwanasayansi akipigwa risasi anakaa chini na kutikisa kichwa badala ya kufa! Mwaka 2017 gemu hilo lilitolewa kwenye orodha ya yaliyowekewa vikwazo, Valve wakarudisha vilivyoondolewa, bure.

Wachezaji walishangilia, na walikuwa na haki. Mimi kinachonitia shaka ni kwamba mkono uliorudisha ndio uleule uliokata, na mnunuzi hakuwahi kuushika mkasi. Tazama Grand Theft Auto IV, lililotoka 2008. Mwaka 2018 vibali vya baadhi ya nyimbo za kwenye redio zake viliisha muda. Hapakuwa na bodi wala waziri. Rockstar walituma sasisho, na nyimbo zikafutika hata kwenye magemu ambayo watu walikuwa wameyalipia miaka kumi nyuma.

Wachezaji wa kompyuta wakatengeneza viraka vyao wenyewe vya kuzirudisha. Wa PlayStation 3 na Xbox 360 waliotaka kuzisikia walibaki na njia moja: diski ya zamani, kwenye mashine isiyounganishwa na intaneti.