Kasiba Mbili: Maneno ya Bunduki ya Marisaa na Historia Yake

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wafasiri wamekabiliwa na kazi ya kugeuza sheria ambazo kwa miaka mingi zilisomwa kwa Kiingereza peke yake. Miongoni mwake zimo sheria za silaha. Hapo mfasiri hukwama mapema kuliko alivyotazamia, kwa sababu taarifa za polisi na magazeti zimemzoesha kusema "bunduki aina ya shotigani" na kuendelea na safari, kana kwamba lugha yetu haijapata kuiona silaha hiyo. Maoni ya makala haya ni kwamba imeiona, imeitumia na imeipa majina. Ila majina yenyewe tumeyaweka kando, na kuyaweka kando kumekuwa na gharama.

Neno bunduki kwa asili yake ni la kale kuliko silaha ya moto. Kwa Kiarabu bunduq ni kokwa ndogo ya mviringo, kisha likawa jina la kidonge kilichorushwa kwa upinde wa kuwindia ndege. Silaha ya baruti ilipotokea ikarithi jina la kidonge. Waswahili walipolipokea hawakuridhika nalo peke yake, bali waliainisha kila bunduki kwa namna ya kuwashwa kwake. Palikuwa na bunduki ya mrao, yaani ya utambi. Ikafuata ya gumegume, iliyopata cheche katika jiwe. Kisha ya fataki, ambayo nyundo yake ilipiga kifuniko kidogo chenye dawa. (Siku hizi gumegume hutajwa zaidi katika kumsema mwanamume asiyefaa kitu, na aliyepata kuijaribu bunduki hiyo siku ya mvua hatashindwa kukisia sababu.) Bunduki hizo zilishindiliwa kwa mdomoni, baruti kwanza, risasi baadaye, na ufito wa kushindilia ukaitwa mdeki. Kipimo cha mlio mmoja kiliitwa kiasi, na kipimo hicho kilipokuja kufungwa tayari ndani ya ganda, jina halikubadilika: kiasi cha bunduki. Bomba ambamo risasi hupita liliitwa kasiba, kutokana na neno la Kiarabu la utete.

Uainishaji huo haukuwa wa wawindaji tu. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini, lakini uliruhusu kwa masharti biashara ya gumegume zisizochongwa michirizi ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, aliyesema gumegume alikuwa amekwisha kutaja upande wa sheria aliosimama.

Bunduki ya kasiba mbili zilizolala ubavu kwa ubavu ilikuwapo tangu siku za gumegume, lakini sura tunayoijua ilianza Paris katika miaka ya 1830, Casimir Lefaucheux alipobuni bunduki inayokunjwa katikati na kutiwa kiasi kwa nyuma. Ilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, na mafundi wa Kiingereza wakaichukua. Mwaka 1875 William Anson na John Deeley, wa nyumba ya Westley Richards mjini Birmingham, waliuficha mtambo wote, nyundo zikiwamo, ndani ya kisanduku cha chuma. Ubunifu huo ulikuwa mzuri hata karne moja baadaye haukuwa umebadilishwa sana.

Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo. Niliinunua mkononi mwaka 1978, wilayani Handeni, ikiwa na kitako kilichopata ufa na kufungwa waya wa shaba, kwa ajili ya kulinda mahindi na, nikisema kweli, kwa ajili ya kanga na kwale vilevile. Ilikuwa na vifyatulio viwili, cha mbele kwa kasiba ya kulia, cha nyuma kwa kasiba ya kushoto. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimefahamu kwa nini fundi hakutosheka na kimoja. Kasiba ya kulia ilikuwa wazi zaidi mdomoni, ikatawanya marisaa mapema. Ya kushoto ilibanwa kidogo, ikayapeleka mbali yakiwa bado pamoja. Kanga anaporuka miguuni pako hupigwa kwa ile ya kulia. Ukimkosa, amekwisha kufika mbali, na hapo ni zamu ya ile ya kushoto. Hakuna haja ya kugeuza kitu, ni kidole tu kinachorudi nyuma. Wazee wa pale waliiita "ya kasiba mbili" na vijana "ya midomo miwili". Sikumsikia yeyote akisema shotigani.

Gharama niliyoitaja niliiona mwaka 1981. Jirani yangu mmoja, mzee mwenye gobole alilolimiliki kwa leseni, aliruhusiwa kuwa na "risasi 50". Mkaguzi alipopita alikuta kwake baruti kidogo na kopo la marisaa, akaanza kuyahesabu. Alipofika mia moja na kitu aliacha, akasema idadi imezidi, akaondoka na gobole. Mzee alieleza kwamba konzi moja ya marisaa ni mlio mmoja, wala kopo zima halikufikia milio thelathini. Hakueleweka, kwa kuwa karatasi ilisema risasi, na zile mkononi mwa mkaguzi zilikuwa risasi. Silaha ilirudi baada ya miezi miwili, nguruwe wakiwa wamemaliza muhogo.

Siwezi kumlaumu mkaguzi kwa kusoma alichoandikiwa. Tatizo ni kwamba risasi imebebeshwa mambo manne. Kwanza ni madini yenyewe, yale mazito yanayoyeyuka upesi, na hiyo ndiyo maana ya asili ya Kiarabu. Pili ni kipande kimoja kinachoruka. Tatu ni kiasi kizima pamoja na ganda lake. Nne ni zana zote za kupigia kwa jumla, kama tunavyosema "silaha na risasi" tunapoitaja sheria ya Tanzania ya mwaka 2015. Kwa bunduki ya kivita, yenye kupeleka kipande kimoja kwa kila mlio, maana ya pili na ya tatu hulingana kwa hesabu, na hakuna anayeumia. Kwa bunduki ya marisaa hazilingani hata kidogo. Katika vipimo vya Kiingereza, marisaa ya namba 6, yanayotumiwa kwa ndege, huhesabiwa 270 kwa wakia moja, yaani gramu 28. Yale makubwa ya SSG ni 15. Daktari akiandika kwamba marehemu alikuwa na "risasi kumi na tano" mwilini, na shahidi akaapa kwamba alisikia mlio mmoja, hakimu ataanza kumshuku mmoja wao, na wote wawili wamesema kweli.

Kiasi ni neno zuri, lakini sioni kama litafufuka. Katika sentensi kama "kiasi cha risasi alichokuwa nacho" litazua utata mpya kabla ya kuondoa ule wa zamani. Afadhali risasi ibaki kwa kile kinachonunuliwa dukani kikiwa kizima, ganda liwe la kile kinachobaki baada ya mlio, na marisaa yatumike kila mara kwa chembe zinazotoka. Silaha yenyewe basi ni bunduki ya marisaa. Neno hili lina shina lilelile la risasi, na msomaji atalifahamu hata kama hajalisikia.

Kuhusu kasiba, mtutu na mdomo, wengi huyatumia kama neno moja. Mtutu umeenea mno, hasa katika maneno ya siasa, na sipendekezi uondolewe. Lakini mdomo ni ncha tu, mahali risasi inapotokea, na sheria inayopima urefu wa bomba haiwezi kupima mdomo. Kasiba mbili za ubavuni ziitwe sambamba, na zile zilizopandana ziitwe za juu na chini. Ule ubanaji wa mdomoni, ambao Waingereza huuita kwa neno la kukaba roho, utoshe kuitwa mbano. Mfasiri akifuata Kiingereza ataandika kabali, na msomaji atadhani habari ni ya mieleka.

Lipo pia suala la namba. Bunduki ya namba 12 haina risasi kumi na mbili. Maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi, ikigawanywa katika tufe 12 zilizo sawa, kila tufe litaenea barabara ndani ya kasiba, ambayo upana wake ni kama milimita 18.5. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12, jambo ambalo mwandishi wa fomu hana budi kuelezwa, la sivyo ataiona namba kubwa kuwa silaha kubwa. Ile inayoitwa 410 haimo katika hesabu hii kabisa: ni sehemu za elfu za inchi, na katika Kiswahili ni afadhali iandikwe milimita 10.4.