Nambari ya mhudumu wa afya na maana yake kwa mgonjwa wa Kware

Katika mtaa wa Kware, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, zahanati za kibinafsi na maduka ya dawa hupatikana chini ya majumba ya kukodisha, ubavuni mwa vinyozi na maduka ya vyakula. Mgonjwa aingiapo humo huona koti jeupe na cheti ukutani. Koti hununuliwa na yeyote, na cheti huweza kughushiwa. Kinachoweza kuthibitishwa ni nambari.

Nambari zenyewe ni za aina mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya mtu. Daktari huipata kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC; muuguzi na afisa wa kliniki huzipata kwa mabaraza yao. Nambari ya usajili wa daktari haibadiliki akihama hospitali, lakini leseni yake ni ya mwaka mmoja na hukoma Desemba 31. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na nambari ya kweli na bado asiwe na ruhusa ya kutibu mwaka huu.

Ya pili ni ya kituo. Wizara ya Afya huweka Orodha Kuu ya Vituo vya Afya, ambamo kila kituo kina nambari yake, pamoja na kiwango chake, mmiliki na mahali kilipo. Orodha hiyo husomwa na yeyote kwenye intaneti.

Tofauti hiyo si ya makarani tu. Mwaka wa 2015 mwanamume mmoja alikamatwa kuhusiana na kliniki ya Githurai, akidaiwa kujifanya daktari. Mwaka wa 2018 alikamatwa tena, safari hii kuhusu kliniki ya Kayole, papo hapo Eastlands. Kufunga mlango mmoja hakukutosha.

Nchini Marekani wahudumu wa afya hutumia mfululizo mmoja wa nambari zenye tarakimu kumi, uliotokana na sheria ya mwaka wa 1996 na kuanza kushurutishwa Mei 2007. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile tisa, hivyo anayekosea tarakimu moja hugunduliwa mara. Hata hivyo nambari hiyo, sawa na ya Kenya, haithibitishi kwamba mwenyewe ana leseni.

Kenya ilianza na mabaraza mengi, kila moja na daftari lake. Sheria ya Afya ya Kidijitali, iliyotiwa saini Oktoba 19, 2023, ilikusudia mfumo mmoja wa habari za afya. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, hulipa vituo vilivyotia mkataba nayo pekee. Zahanati isiyo na mkataba humwacha mgonjwa ajilipie.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza jina kamili la anayemtibu na nambari yake, kisha kulitafuta kwenye daftari la baraza husika. Kwa maduka ya dawa, Bodi ya Famasia na Sumu iliwahi kuanzisha kibandiko chenye nambari ya duka, ambayo mteja aliituma kwa ujumbe mfupi ili kujua kama duka limesajiliwa.