Nahodha wa Liuli na nyuzi za kioo

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilitokea mbele ya bandari ndogo ya Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa. Wajerumani waliiita bandari hiyo Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na ile sanamu ya Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Mzinga ukalia. Berndt, nahodha wa Wissmann, akarukia mtumbwi, akaenda kumkabili Rhoades, nahodha wa Gwendolen na rafiki yake wa siku nyingi, na inasimuliwa kwamba alimfokea akitaka kujua kama amelewa. Kumbe Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani tangu tarehe 4. Rhoades alikuwa amepata habari. Berndt hakuwa ameambiwa na mtu. Akawa mateka papo hapo.

Fundi wa kuhifadhi data akisikia kisa hiki haoni vita. Anaona kumbukumbu moja iliyotunzwa mahali pawili: upande mmoja umeandikwa habari mpya, upande wa pili umebaki na ya zamani kwa siku tisa. Kazi yake ya kila siku ni kuubana mwanya huo, na chombo chake ni uzi wa kioo.

Uzi huo ulianza kama hesabu. Mwaka 1966, huko Harlow, Uingereza, Charles Kao na George Hockham walieleza kwamba kioo kikitakaswa vya kutosha, mwanga utapita ndani yake masafa ya maana. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ikakipata kioo hicho. Kao alisubiri tuzo ya Nobel hadi 2009, mwaka ule ule ambao mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam na Tanzania ikaanza kujenga mkongo wake wa taifa, ambao leo unapita Songea.

Ila mkongo wa taifa ni barabara kuu. Ndani ya vyumba vya kompyuta kulikuwa na shida nyingine. Diski zilifungwa kwenye seva kwa kebo nene za shaba zilizoishia mita 25, na kebo moja haikubeba zaidi ya vifaa 15 hivi. Mwaka 1988 wahandisi wa Marekani wakaanza kuandika kanuni mpya, na mwaka 1994 zikapitishwa kuwa kiwango rasmi: Faiba Chaneli. Jina lenyewe lina utani. Waliandika neno faiba, yaani uzi, kwa tahajia isiyo ya Kimarekani (fibre, si fiber), makusudi, kwa kuwa chaneli hii hupita hata kwenye shaba. Kasi ya juu ya mwanzo ilikuwa gigabiti 1 kwa sekunde, nayo imeongezeka mara nyingi tangu hapo. Kwa uzi mwembamba, ambao njia yake ya mwanga ina upana wa mikroni 9 tu, diski ikaweza kukaa kilomita 10 mbali na seva yake.

Watu husifu kasi. Mimi nasifu adabu yake, na anayetaka kuielewa apande milima ya Mbinga akaangalie ngoro za Wamatengo. Nyasi hukatwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana, zikafukiwa kwa udongo. Katikati hubaki mashimo, na kwenye matuta hupandwa maharage na mahindi. Mvua ikishuka mteremkoni, kila shimo hupokea sehemu yake na udongo haukimbii. Vifaa vya Faiba Chaneli navyo vina mashimo yake ya kupokelea data. Tofauti ni kwamba mvua haiulizi kama shimo lina nafasi. Mitandao ya kawaida hufanya kama mvua: ya ziada humwagika, kisha hutumwa upya. Katika Faiba Chaneli mtumaji anaijua idadi ya mashimo matupu ya mwenzake kabla hajatuma. Kila akituma fremu moja, yaani kifurushi kimoja cha data, anapunguza hesabu. Shimo likifunguka, mwenzake anampa ishara, anaongeza. Hesabu ikifika sifuri anasimama, hata kama njia ni nyeupe.

Adabu hiyo ina gharama, na gharama yake ni umbali. Mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwa kasi ya gigabiti 1, fremu kamili hutanda karibu kilomita 4 za uzi. Chukua kilomita 100, kama kutoka Mbinga hadi Songea: ili njia isikae bure wakati ishara inarudi, mpokeaji anahitaji mashimo 50. Pandisha kasi hadi gigabiti 8, yanakuwa 400. Tunaodhani kasi ikiongezeka umbali unapungua, hesabu hii inatuumbua.

Sasa tuseme data iandikwe Dar es Salaam na nakala yake ikae Songea, karibu kilomita 1,000 kwa barabara. Kwenda na kurudi tu mwanga hutumia milisekunde 10, wakati diski za kisasa humaliza kuandika chini ya milisekunde moja. Seva ikilazimika kungoja jibu la Songea kwa kila mstari, kazi italala. Ndiyo maana mafundi huziweka karibu nakala zinazokwenda sambamba, makumi ya kilomita tu, na ile ya mbali huiacha ifuate nyuma kidogo.

Umeme ukikatika Dar es Salaam katika nukta ambayo nakala ya Songea bado iko nyuma, Songea itaamka na habari za kabla. Za kabla kidogo sana, si siku tisa. Ila kama malipo ya kahawa ya mkulima mmoja wa Mbinga yaliandikwa nukta hiyo hiyo, yeye ndiye Berndt, yuko ndani ya mtumbwi, anapiga kasia kwenda kuuliza nani amelewa.