Teknolojia Vyuoni: Tunapima Nini?

Vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vinaendesha kozi kupitia mfumo wa Moodle. Mfumo huo huhifadhi kumbukumbu za walioingia, walichopakua na wakati walipofanya hivyo. Ukiongeza hojaji ya kuridhika, ripoti ya muhula imekamilika. Lakini takwimu hizo zinathibitisha matumizi tu. Kwamba mwanafunzi amejifunza ni dai jingine, linalotaka ushahidi wake.

Mwaka 1983 mtafiti wa elimu Richard Clark alidai kuwa chombo cha kufundishia hupeleka somo kama lori lipelekavyo vyakula dukani: lishe haitoki kwenye lori. Mtafiti mwingine, Robert Kozma, alimpinga, akishikilia kwamba kila chombo kina uwezo wake wa kuwakilisha maarifa. Naona Clark alikaza mno, ila onyo lake la kimbinu bado lina nguvu: tukibadili chombo, mhadhiri na njia ya kufundisha kwa pamoja, hatutajua lipi lilileta matokeo.

Ndiyo maana utafiti uliofanyika West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, ukachapishwa mwaka 2017, una uzito. Madarasa ya utangulizi wa uchumi yaligawanywa kwa nasibu: mengine yaliruhusu kompyuta, mengine yalizikataza, na mengine yaliruhusu vishikwambi vilivyolazwa mezani tu. Katika mtihani wa mwisho, madarasa yaliyoruhusu kompyuta yalikuwa chini ya yaliyozikataza kwa takriban 0.18 ya mkengeuko sanifu. Matokeo haya hayalaani kompyuta kila mahali, kwani wanafunzi hawakupewa kazi maalumu ya kuifanya nayo. Yanachoonyesha ni thamani ya kulinganisha kwa haki.

Hojaji nayo hupotosha. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walichapisha utafiti wa darasa la fizikia Harvard: waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, ilhali wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara. Jasho la kufikiri walilichukua kuwa dalili ya kutoelewa. Chuo kinachochagua teknolojia kwa kura ya kuridhika kinaweza basi kuchagua ile inayofundisha kidogo.

Akili mnemba imeongeza uzito wa suala hili. Insha nzuri haithibitishi tena uelewa wa aliyeiwasilisha. Mwanafunzi apimwe wiki kadhaa baadaye, bila chombo, kwa swali jipya au mahojiano ya ana kwa ana. Na matokeo yachambuliwe kwa kutenganisha wenye kompyuta zao na wanaotegemea simu na kifurushi cha siku, kwa sababu wastani wa darasa huwaficha hawa wa pili.

Fungu la tathmini, kwa hiyo, liingie kwenye bajeti kabla ya ununuzi. Mfumo ukishawashwa kwa wanafunzi wote siku moja, kundi la kulinganisha halipo tena.