Mikahawa ya kubuni yakejeli biashara ya vyakula vya haraka

MIKAHAWA ya Burger Shot, Cluckin' Bell na Well Stacked Pizza haipatikani katika mji wowote duniani. Ni majina ya kubuni yanayotumiwa katika michezo ya video ya Grand Theft Auto, inayotengenezwa na kampuni ya Rockstar North mjini Edinburgh, Uskoti.

Majina hayo yana mafumbo. Cluckin' Bell huunganisha mlio wa kuku na kengele, hivyo kuwakumbusha wachezaji kampuni mbili za Marekani, KFC na Taco Bell. Burger Shot nalo hudokeza mlio wa risasi, katika mchezo uliosheheni bunduki.

Kejeli hiyo ilitia fora katika San Andreas, toleo la mwaka wa 2004. Mhusika mkuu, Carl Johnson, hulazimika kula ili asidhoofike. Mlo wa mkahawani humrejeshea nguvu papo hapo, lakini humwongezea mafuta mwilini. Akizidi kunenepa, mbio zake hupungua na wapita njia humcheka. Akila mfululizo kupita kiasi, hutapika. Dawa yake ni mazoezi, au kuagiza saladi.

Mwaka huo huo, mwelekezi Morgan Spurlock alitoa filamu ya Super Size Me, ambamo alikula chakula cha McDonald's pekee kwa siku 30. Unene uliosababishwa na vyakula hivyo ulikuwa mjadala mkali nchini Marekani.

Wengine hawakuficha walengwa wao. Mnamo 2006, kundi la Molleindustria la Italia lilitoa mchezo uliotaja McDonald's waziwazi. Mchezaji husimamia malisho, kichinjio, mkahawa na makao makuu, na hujikuta akifyeka misitu na kuhonga maafisa ili kampuni isifilisike.

Njia hizo mbili zina uzito tofauti. Anayetaja jina huelekeza lawama kwa kampuni moja. Jina la kubuni hugusa sekta nzima, ila ni rahisi mchezaji kucheka tu na kusahau.

Hata hivyo, San Andreas haimwachi mchezaji awe mtazamaji. Yeye mwenyewe ndiye huingia mkahawani, hulipa na kuagiza sahani nyingine kwa kuwa ni njia ya mkato, kisha huona matokeo yake katika mwili wa Johnson.