“Where did you went?”: Kosa Lenye Mantiki Yake

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aandikapo “Where did you went?”, kalamu nyekundu haichelewi. “Went” hukatwa, “go” huandikwa juu yake, somo likaendelea. Kisichoandikwa kamwe pembeni mwa daftari ni sababu. Kwa nini tendo la jana litajwe kwa umbo lisiloonyesha jana? Swali hilo si la kipuuzi, na jibu lake limo ndani ya sarufi ya Kiingereza chenyewe.

Katika kishazi, Kiingereza huiweka njeo mahali pamoja tu. Katika “You went”, wakati uliopita umo ndani ya kitenzi kikuu. Swali linapoulizwa, njeo hutakiwa itangulie kiima, lakini kitenzi kikuu cha Kiingereza cha leo, ukiacha “be”, kwa kawaida hakiruhusiwi kukivuka kiima hicho. Ndipo “do” inapoitwa, kama mchukuzi: haina maana ya kutenda, imekuja kubeba njeo tu. Ikishaubeba wakati uliopita huwa “did”, na kitenzi kikuu hubaki kitupu, “go”. Ndivyo ilivyo pia kwa “s” ya nafsi ya tatu: ikishahamia kwenye “does”, “likes” hurudi kuwa “like”. Mwanaisimu Noam Chomsky alilitumia jambo hilihili katika kitabu chake *Syntactic Structures* cha 1957, akiichanganua “do” kama kibebeo cha njeo iliyokosa kitenzi cha kuishikilia.

Mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Mwingereza wa karne ya 14 alitanguliza kitenzi kikuu chenyewe, kwa mtindo wa “Came you?”. Utafiti wa mwanaisimu Alvar Ellegård uliochapishwa 1953 ulionyesha jinsi “do” ilivyoenea katika maswali, hasa karne ya 16, huku vitenzi kama “know” vikichelewa kuipokea. Shakespeare alitumia mitindo yote miwili. Masalia bado yapo: “Have you any money?” haijafa Uingereza.

Lawama za “did you went” hutupiwa Kiswahili, na kweli kina mkono wake. “Ulikwenda wapi?” na “Ulikwenda sokoni” zina kitenzi kilekile, neno la kuulizia hukaa palepale litakapokaa jibu. Katika swali la ndiyo au hapana, kiimbo hutosha, au “je” hutangulizwa. Tena Kiswahili kinapotumia “kuwa” kusaidia kitenzi kingine, vyote viwili huvalishwa: katika “alikuwa amekwenda” au “tulikuwa tunalima”, kila kimoja kina kiambishi chake cha nafsi na chake cha njeo au hali. Aliyelelewa hivyo akiikuta “go” imesimama nyuma ya “did”, huiona iko uchi. Kuivika “went” ni uungwana tu.

Lakini maelezo hayo hayatoshi. Watoto wanaokua na Kiingereza kama lugha ya mama nao hupitia kosa hilohilo kabla ya kuliacha, husikika wakisema “What did you bought?” ilhali hawajui hata neno moja la Kiswahili. Kwa hiyo chanzo kikubwa ni Kiingereza chenyewe, kinachoitenga njeo na kitenzi chake. Kiswahili huongeza uzito juu ya mzigo uliokuwapo.

Hapo ndipo zoezi la “geuza sentensi zifuatazo ziwe maswali” linapopwaya, maana humzoesha mwanafunzi kupachika “did” bila kujua imekuja kufanya nini. Afadhali kwanza aitafute njeo katika sentensi, aizungushie duara, kisha aihamishe. Akizoea hivyo, “Who broke the window?” haimbabaishi: “who” ndiyo kiima, hakuna cha kuvukwa, na “broke” hubaki na njeo yake. Aliyekariri kwamba kila swali lina “did” ataandika “Who did broke the window?” na kushangaa akikoseshwa.

Mkariri huyohuyo ataandika “I asked her where did she go”, akipeleka mpangilio wa swali la moja kwa moja ndani ya swali la taarifa. Kiingereza sanifu hutaka “where she went”, na mtahini ana haki ya kulikata. Ajabu ni kwamba huko Ireland “He asked me did I see her” ni usemi wa kila siku, na anayeutamka nyumbani kwao hakuna anayemgeukia.