Neno Boda na Safari Yake

Abiria ashukaye basi pale Katesh, chini ya Mlima Hanang, naye yu safarini kwenda kijijini, hukutana na swali moja kabla hajatua mzigo wake: "Boda?" Neno hilo asili yake ni Kiingereza, na maana yake katika lugha hiyo ni mpaka wa nchi na nchi. Walakini wilaya ya Hanang haipakani na nchi yoyote ya kigeni. Katesh iko katikati ya barabara ya Singida na Babati, na kata kama Hirbadaw ni makao ya Wairaqw na Wabarbaig, watu wa jembe na ng'ombe. Mwulizaji hana haja ya kumvusha mtu mpaka wowote. Anamwita apande pikipiki.

Jinsi neno la mpaka lilivyokuja kuwa jina la chombo cha safari fupi ni habari inayostahili kuelezwa, maana ndani yake mna historia ambayo wengi walitamkao neno hilo kila siku hawajapata kuisikia.

Mpaka wenyewe ulikuwa kazi ya Waingereza. Mwaka 1902 waliuondoa mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari mpya ukapita kati ya Wasamia na Wasamia, na kati ya Wateso na Wateso. Ndugu waliolala usiku mmoja katika nchi moja wakaamka katika nchi mbili. Baada ya uhuru wa Uganda mwaka 1962 na wa Kenya mwaka 1963, mstari ule ukawa mpaka wa mataifa kamili, wenye kituo cha ukaguzi kila upande. Pale Busia, baina ya kituo na kituo palibaki kipande cha ardhi ambacho mtu alipaswa kukivuka. Basi lilimshusha huku, na basi jingine lilimngoja kule. Gari halikuweza kupita bila hati zake kukaguliwa. Mwenda kwa miguu alipita, lakini mwenye magunia alitaabika.

Hapo ndipo vijana wenye baiskeli walipoona riziki. Katika miaka ya 1960 walifunga mito juu ya vibebeo vya nyuma, wakawa wanaita abiria kwa kutaja safari yenyewe kwa Kiingereza cha njiani: kutoka boda hadi boda. Neno la katikati likapotea upesi, maana mwita watu hana nafasi ya viunganishi, na kwa masikio ya Mswahili halikuwa na kazi. Lugha yetu imezoea kurudia neno zima: twasema polepole, twasema sawasawa, na pikipiki yenyewe imepewa jina kwa mlio wake. Boda boda likakaa mahali pake kama lililozaliwa hapo.

Ndugu yake wa karibu ni daladala, nalo limetoka katika fedha. Tangu mwaka 1940 hata 1949 paundi moja ya Kiingereza ilikuwa sawa na dola 4 na senti 3 za Marekani. Kwa hiyo shilingi 5 zilikaribia sana dola moja, na Waingereza wenyewe mitaani waliziita hivyo. Mwaka 1949 paundi ilishushwa thamani, na hesabu hiyo ikafa. Jina halikufa. Sarafu ya shilingi 5 ya Tanzania, iliyotolewa kwanza mwaka 1971, iliitwa dala, na mwaka 1983 serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi kusaidiana na shirika la UDA katika Dar es Salaam, nauli ilikuwa dala moja. Utingo akaitangaza nauli, na nauli ikawa gari. Leo sarafu ile hainunui kitu, na kule Shinyanga jina la daladala lilipewa hata baiskeli ya abiria. Matatu ya Kenya nayo ni hivyo hivyo: neno la Kikikuyu la sarafu tatu za senti 10.

Yafaa kuangalia ni wakati gani majina haya huzaliwa. Hayakuzaliwa ofisini. Daladala ilizaliwa pale UDA iliposhindwa kubeba watu. Boda ilizaliwa pale ambapo hapakuwa na basi la upande wowote. Kila moja ni jina la pengo.

Ndiyo sababu neno hili lilipofika Hanang lilikuta mahali pake pamekwisha andaliwa. Barabara kuu ya Singida, Katesh na Babati ilitiwa lami, na safari ndefu ikawa nyepesi. Lakini lami hukoma barabarani. Kutoka hapo hadi boma la mtu ni njia ya udongo, na katika miezi ya mvua udongo ule hushika gurudumu kama gundi. Basi haliingii. Zamani mtu alitembea, na mgonjwa alibebwa. Pikipiki za bei nafuu za India na China zilipoenea katika miaka ya 2000, kipande kile cha mwisho kilipata chombo chake, na chombo kikachukua jina lililotoka Busia, kwa kuwa kazi ilikuwa ile ile: kumtoa mtu pale basi linapomwacha hadi pale anapokwenda.

Sheria ilikuja nyuma ya neno. Ni mwaka 2010 ndipo kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria zilipotolewa Tanzania, wakati ambapo vijiwe vilikwisha kuwa vingi. Wakati huo neno lilikuwa limeongeza maana tena: boda ni pikipiki, boda ni mwendeshaji, boda ni kazi. Likazaa hata msamiati wa hatari zake, kama mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi waliopangwa nyuma ya dereva kama nyama kwenye kijiti. Mzaha huo ni mkali kuliko unavyosikika, maana wodi za mifupa zinaujua.

Katika miaka ya karibuni viongozi wamewapa vijana hao jina jipya, maafisa usafirishaji. Jina hilo lina heshima, na vijana wengi wamelipokea kwa furaha, wengine kwa kicheko. Hutamkwa mikutanoni. Usiku, mama anaposhikwa na uchungu Hirbadaw na zahanati iko mbali, anayetumwa mbio huambiwa akaite boda.